Mdomo wa Mrushaji Wetu

Siku tuliposhindwa na timu ya Fungurume kwa mara ya tatu mfululizo, kando ya uwanja walisimama watazamaji kumi na mmoja. Niliwahesabu mwenyewe. Nilikuwa mdakaji, na mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa ameelekea uwanja mzima, kwa hiyo anaona kila kitu: nani amechoka, nani anatamani kwenda nyumbani, na kama kuna mtu yeyote anayemtazama. Kati ya wale kumi na mmoja, wanne walikuwa wakikata njia tu, na mmoja alikuwa akilisha mbuzi.

Kolwezi ni mji wa mpira wa miguu. Besiboli ililetwa na sista mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule yetu ya wasichana. Alipoondoka alituachia mifuko miwili ya glavu, magongo manne na kitabu cha sheria ambacho hakuna aliyekisoma hadi mwisho. Miaka ikapita, wengi wakaolewa, wengine wakahama, lakini timu haikufa. Wakati huu ninaousimulia nilikuwa na miaka thelathini na kitu, magoti yameanza kunilalamikia, na kazi yangu ilikuwa katika kibanda cha fotokopi na picha za pasipoti karibu na ofisi ya komine, yaani ya manispaa. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliobaki kati ya wanafunzi wa sista. Waliosalia walikuwa wasichana waliojifunza kwetu.

Mmoja wao ndiye aliyekuwa mrushaji wetu. Mrushaji ndiye anayesimama katikati na kumtupia mpigaji mpira. Akiwa mbaya, timu nzima ni mbaya. Yeye hakuwa mbaya. Mkono wake ulitokana na kazi: tangu utotoni alikuwa akiosha mawe ya madini mtoni pamoja na wanawake wengine, akibeba karai na kutikisa chungio siku nzima. Baba yake alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa upande wa Kasaji, na waliishi wawili tu katika mtaa ulioegemea kilima cha machimbo. Aliniita yaya, dada mkubwa. Mimi nilimwita muloko, mdogo wangu. Uwanjani hatukuongea. Nilimwonyesha vidole chini ya goti, yeye akaitikia kwa kichwa, mpira ukaja pale pale nilipouomba. Nje ya uwanja, hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Baada ya kushindwa kule, rais wa klabu alituita kikao. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mfanyabiashara aliyeiuzia kampuni ya mgodi viatu vya kazi na ovaroli. Uwanja wetu ulikuwa mali ya kampuni hiyo, na jezi zetu zilikuwa na alama yake kifuani.

“Kampuni inaniuliza: bantu beko wapi?” akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo watu ni bantu na kuja ni kukuya. “Inataka kuona bijana. Na bijana habakuye. Batoto ya sasa bote beko mu simu.”

“Basi tubafwate mule mule mu simu,” akajibu mrushaji wetu.

Watu wakacheka, lakini ndivyo ilivyoamuliwa. Kwa kuwa nilikuwa na kompyuta kazini, nikapewa mimi kazi ya kufungua ukurasa wa klabu mtandaoni. Nikaweka picha: wasichana wamepanga mstari, gongo limeegemea ukuta, rais amevaa tai. Wiki mbili zikapita. Waliotazama walikuwa sisi wenyewe na shangazi yangu wa Dilolo, ambaye aliandika “Mungu abariki” chini ya kila picha.

Jumapili iliyofuata tukashindwa tena. Nilikuwa bado na vumbi kinywani mrushaji wetu aliponipa simu yangu.

“Yaya, unishike.” Kwa maneno hayo alitaka nimrekodi.

Nikamrekodi. Jasho lilikuwa limechora mistari katika vumbi jekundu la uso wake. Akasema: “Batoto ya Kolwezi, musikie. Leo tulishindwa juu mi nilirusha mubaya. Njo ile, hakuna ingine. Arbitre, mwenye anaamua, naye hajue sheria, lakini ile ni kintu yake. Na balituambia tutapata mayi ya kunywa. Mayi iko wapi? Tata Prezida, mayi iko wapi? Mukuye siku ya Mungu muone nitarusha muzuri. Kama sirushe muzuri, municheke ku macho.”

Nikaituma bila kufikiri sana. Kufikia Jumatatu jioni, vijana waliokuja kupiga picha za pasipoti kibandani walikuwa wakiambiana, “Tata Prezida, mayi iko wapi?” na kuvunjika mbavu. Jumapili iliyofuata nilipochuchumaa mahali pangu na kuinua macho, nilidhani kuna mazishi yanapita. Walikuwa watu. Wengi walikuwa wasichana wa shule na wavulana wa pikipiki. Walikuja kumcheka, na yeye akarusha vizuri. Maji nayo yalikuwepo, katoni tatu, rais amezibeba mwenyewe.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi katika mchezo ule. Kila baada ya mechi alisimama mbele ya simu akasema lolote lililomjia. Alisema juu ya barabara ambayo kamioni za madini zimeitafuna. Alisema juu ya wanaume waliomwandikia kwamba mwanamke mwenye mkono kama ule hataolewa. Aliyasoma matusi yao kwa sauti, mmoja mmoja, akisahihisha tahajia. Wasichana walifunga vitambaa vya kitenge kwenye viganja kama yeye. Kwenye viwanja vya wazi watoto walirushiana mipira ya soksi, na nyuma ya mpigaji alikuwepo mmoja amechuchumaa. Nilipopita nikawaona, nilitaka kulia.

Si wote waliofurahi. Mwenzangu mmoja wa tangu siku za sista aliniambia, “Hawaji kwa ajili ya mchezo. Wanakuja kusikiliza domo.” Nikamjibu kwamba anayekuja kusikiliza hubaki akatazama. Nilikuwa nikiamini hivyo, na bado naamini. Rais naye aliweka sura ya mrushaji wetu kwenye mabango, kubwa kuliko alama ya kampuni. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku mdomo ule utakapokuwa na jambo zito la kusema.

Siku hiyo ilikuja pamoja na mvua za kwanza.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Nilikuwa nikibadilisha wino wa mashine niliposikia wanawake wakikimbia barabarani, nikajua kabla ya kuuliza. Katika mji wetu kuna mbio ya namna moja tu. Kilima kile cha nyuma ya mtaa wa mrushaji wetu kilikuwa kimetobolewa kama sifongo na wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita bakrezeri. Udongo ulikuwa umelowa. Sehemu nzima ya kilima ilikuwa imeshuka ikajaza mashimo.

Redio ilitangaza idadi ya waliokufa. Mtaani watu waliisikia, wakatazamana, kwa sababu kila mmoja aliwajua walioshuka asubuhi ile, na hesabu yao haikulingana na ile ya redio. Siku mbili baadaye askari walikuja kuwafukuza wachimbaji wote kilimani, waliokuwa wakichimba mawe na waliokuwa wakichimba ndugu zao. Kisha wakaja watu wa kampuni wenye ndoo ya rangi. Nyumba za mtaa ule zilichorwa msalaba mwekundu ukutani. Chini ya mtaa kulikuwa na shaba, wakasema, na isitoshe mahali penyewe ni pa hatari, kwa hiyo wakaaji wahame. Nyumba ya mrushaji wetu na baba yake ilichorwa msalaba mlangoni, juu kidogo ya kitasa.

Jumapili tulicheza. Rais alikuwa ametuomba tukae kimya dakika moja kabla ya kuanza, basi. Tukakaa kimya. Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka kwamba nilimwonyesha vidole na hakuwa akiviona. Alirusha mipira iliyoumiza kiganja changu ndani ya glavu.

Mwishoni akaja kwangu. “Yaya, unishike.”

Vijana walikuwa wamejaa nyuma yake, wakisubiri kuchekeshwa. Akasimama wima mikono nyuma, kama mtoto anayetaka kusema shairi shuleni, akaanza kutaja majina. Alitaja waliokuwa wameshuka kutoka mtaa wake siku ile wasipande tena. Baada ya kila jina akaongeza kitu kimoja: huyu alikuwa na redio ya kijani, huyu mke wake ana mimba, huyu alikuwa anaogopa mbwa. Sitayaandika majina hayo hapa. Hayakuwa yangu, na nitaeleza nilichoyafanyia.

Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akasema: “Balituambia hesabu mu redio. Mi nilienda shule, kuhesabu najua. Bale bote nilikuwa nabasalimia asubui. Sasa banaandika musalaba mu nyumba yetu. Musalaba banaweka pa kaburi, habaweke pa nyumba ya bantu beko bazima. Njo ile tu.”

Alama ya kampuni ilikuwa kifuani mwake, inasomeka vizuri kabisa. Nataka kusema ukweli: niliiona. Niliiona nikatuma hivyo hivyo, kwa fahari.

Ile video haikubaki Kolwezi. Jumatatu ilikuwa Lubumbashi, Jumanne ilikuwa Ulaya. Chini yake watu waliandika majina mengine, ya mitaa mingine. Kuna aliyeandika jina la mtoto wake na kuuliza kama kuna mtu amemwona. Simu yangu ilipata moto mkononi kama pasi.

Jumanne mchana rais aliingia kibandani. Hakuwahi kufika pale. Akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cheupe, akajifuta shingo.

“Mama,” akaniita, kwa heshima, “ba kampuni balinipigia simu mara ine. Futa ile video.”

“Alisema uongo, Tata Prezida?”

“Sikusema alisema bongo. Nasema ufute.”

“Na kama sifute?”

“Uwanja unaisha. Bale babinti ishirini banabakia na glavu mu mukono. Na miye, viatu yangu nitauzisha kwa nani? Siko nakuficha, Mama. Niko na batoto saba.”

Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni: “Na weye. Mama yako alikuwa mutu ya wapi? Sisemi mubaya. Nasema tu, bantu batauliza.”

Hapo ni lazima nieleze. Mama yangu alizaliwa Kasai. Nilipokuwa na miaka saba au minane, kampuni kubwa ya serikali iliyokuwa ikilisha mji huu ilikuwa ikianguka, mishahara haipo, na watu wakaambiwa kwamba waliosababisha ni wale ambao babu zao walitoka Kasai. Familia ya nyumba ya pili, ambayo mama yake alikuwa akinisuka nywele, ilifukuzwa na vijana wenye mapanga, wengine wao wanafunzi wa baba wa familia hiyo. Walilala stesheni kwa majuma mengi, maelfu ya watu chini ya mahema ya plastiki, wakisubiri treni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa miongoni mwao. Mama alipona kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga na alijua kuzungumza na wakubwa. Kwa miezi kadhaa mama hakutoka nje ya uzio. Alinifundisha kutoitikia nikisikia lugha yake, hata yeye mwenyewe akinisemesha. “Mdomo uliponza kichwa,” alikuwa akiniambia akinifunga kitambaa, na mimi nikadhani ni maneno ya kufungia kitambaa.

Rais aliyajua hayo kama walivyojua wote wa umri wake. Sidhani alikuja kunitisha. Nadhani aliogopa, akanipa nusu ya woga wake nimsaidie kuubeba.

Alipotoka, mteja mmoja aliingia na kadi yake ya kupiga kura, akataka nakala mbili. Nikaweka kadi kwenye mashine. Wakati mwanga unapita chini ya kifuniko, nikachukua simu, nikaifungua ile video. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikaifuta pia mahali ninapohifadhi picha, na katika kompyuta, kwa sababu mtu mwoga hufanya kazi yake kwa ukamilifu. Nikampa mteja nakala zake. Akalalamika kwamba moja imefifia, nikamtolea nyingine.

Jumatano komite ya klabu ilikutana bila kutuita. Jioni rais aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, niichape. Ilisema kwa Kifaransa kwamba mchezaji huyo amekiuka nidhamu ya klabu, kwamba maneno yake ni yake mwenyewe, na kwamba kuanzia siku hiyo ametolewa. Nikaichapa. Kulikuwa na kosa la sarufi katika mstari wa pili. Nikalisahihisha.

Alikuja Alhamisi, barua mkononi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

“Yaya, mashine yako iko na ka-doa hapa juu,” akasema, akinionyesha pembe ya karatasi. “Kila karatasi yako iko nako. Njo nilijua ni weye.”

“Muloko, walisema watafunga uwanja. Nilifikiri wenzako—”

“Batafunga tu.”

“Mama yangu—”

“Najua ya mama yako. Bote tunajua.” Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepiga kelele, kwa maana kelele ningeweza kuzijibu. “Unifukuze mi, hakuna neno. Mi niko muzima, nitaenda fasi ingine. Lakini bale bantu, Yaya. Bale habakuwa na fasi ingine. Ilikuwa ile video tu.”

Akaikunja barua, akaitia ndani ya sidiria, akaondoka. Nilimwangalia hadi kamioni ilipopita kati yetu.

Vijana hawakuelewa mara moja. Jumapili walikuja wengi kuliko siku zote, wakitaka kumwona. Badala yake alirusha msichana wa miaka kumi na saba ambaye mipira yake ilipita mbali na gongo. Waliimba jina la aliyefukuzwa. Rais alichukua kipaza sauti kuwaambia klabu ni ya wote, na mtu mmoja akapaza sauti, “Tata Prezida, bantu beko wapi?” Hakucheka hata mmoja. Jumapili iliyofuata walikuja nusu. Iliyofuata, nikahesabu kumi na wanne. Kwenye ukurasa wetu waliandika matusi ambayo nilistahili, kisha wakaacha hata kutukana. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha.

Nilidhani video ile ingalipo kwenye simu za watu. Baadhi yao walikuwa wameihifadhi, kweli, lakini vipande: mwanzo tu, au pale pa msalaba tu, kwa kuwa mega za data za kupakua video nzima ni ghali na watu walitaka yale maneno makali. Majina yalikuwa katikati, marefu, yanachosha. Kila aliyeisambaza alikuwa ameyakata.

Hilo nililijua kwa sababu ya mama mmoja. Alikuja kibandani siku ya soko, mwanamke wa umri wa mama yangu, kitambaa cheusi kichwani, na alikuwa amefunga simu ndogo ndani ya leso.

“Mwanangu,” akasema, “balinipa habari weye uko na ile ya musichana wa mupira, mwenye alisema jina ya mutoto yangu. Unitolee mu karatasi. Ile fasi tu ya jina yake. Mu simu ya bengine balishaikata.”

Nikamwambia haipo.

“Iko wapi?”

“Ilifutwa, Mama.”

“Nani alifuta?”

Ningeweza kusema mtandao. Watu hukubali mtandao ukilaumiwa kama wanavyokubali mvua. Nikasema, “Ni mimi.”

Alinitazama. Akaangalia mashine, kompyuta, kitambaa cheupe cha picha, kana kwamba anatafuta kilichoninyima akili. “Habakumutoa mu shimo,” akasema. “Sina kaburi. Ku komine banakataa kuandika, banasema nilete mushahidi. Yule musichana alimuona akishuka.” Kisha akakaa kwenye kiti changu cha wateja, si kwa kunigombeza, alikuwa amechoka tu, na alikuwa ametembea kutoka mbali.

Nikafunga kibanda, nikamwacha akae na dada wa duka la pili aliyempa chai, nikapanda pikipiki kwenda mtaa wa kilima.

Sikujua kwamba siku ile ndiyo iliyokuwa siku yenyewe ya kubomolewa. Mashine za njano zilikuwa zimeanzia upande wa chini. Watu walikuwa wakibomoa nyumba zao wenyewe mbele ya mashine ili waokoe mabati na milango. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Nilimkuta juu ya paa, anang'oa misumari. Baba yake alikuwa chini anapokea mabati na kuyapanga juu ya kamioni ndogo iliyokodiwa na familia tatu.

“Muloko!” nikaita.

Akanitazama toka juu. Hakusema shuka wala panda.

“Kuna mama mmoja amekuja. Anataka jina la mwanawe. Nataka uniambie majina, yote. Nitaandika. Nitachapa.”

“Weye.”

“Ni mimi.”

Nilifikiri atanitupia nyundo, na kama angenirushia isingekosa. Akaendelea kung'oa msumari. Ukatoka. Akautia mdomoni pamoja na mingine, akashika bati lililofuata. Kisha akaitema misumari kiganjani na kuanza kusema. Alisema majina kwa mpangilio ule ule, nyumba kwa nyumba, akinyoosha nyundo: pale, na pale, na pale penye mulango ya blu. Nyumba nyingine hazikuwepo tena, alinyooshea vumbi. Niliandika nyuma ya daftari la risiti. Nikamwomba arudie mawili. Akayarudia. Baba yake akaacha mabati akasahihisha moja, kwamba kijana yule alikuwa na jina la ukoo la upande wa mama, si la baba.

Nilipomaliza nikasema, “Muloko, nisamehe.”

“Shika bati,” akasema.

Nikashika bati. Nilipokea mabati hadi paa likaisha, makali yakanikata kiganja kile kile kilichokuwa kikipokea mipira yake. Kamioni ilipojaa alipanda juu ya magodoro na baba yake akakaa mbele. Walikuwa wanarudi Kasaji, kwa ndugu za baba. Hakuniaga. Mashine ilikuwa nyumba nne kutoka pale tuliposimama, na kelele zake zilikuwa kubwa mno, kwa hiyo huenda aliniaga sikusikia. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Nilichapa majina yale jioni ileile. Mama yule alipewa karatasi mbili, moja ya ofisi na moja yake. Ofisi ya komine iliikataa kwa kuwa haikuwa na saini ya aliyeona. Nikaenda naye mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne karani mmoja kijana aliipokea, akagonga muhuri wa tarehe, akaiweka ndani ya faili. Hatukuwahi kuambiwa faili hiyo ilikwenda wapi. Mama alifurahia muhuri. Mimi nilikuwa nimeona mihuri mingi.

Niliweka pia orodha hiyo kwenye ukurasa wa klabu, bila kumuuliza yeyote. Walioiona walikuwa wachache. Rais aliiona. Hakunipigia simu. Kabla ya mwaka kuisha, kampuni ilisogeza uzio wake, ukapita katikati ya uwanja wetu, na mkataba wa viatu ukapewa mtu mwingine kutoka mbali. Nilikutana na rais sokoni akinunua sombe, kisamvu cha kwetu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, tukaachana.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda Kasaji. Nilikwenda msimu wa kiangazi, kwa kamioni, kisha kwa pikipiki, baridi ya asubuhi ikinikata masikio. Nilimkuta muloko amejenga chumba kwa mabati yaleyale, analima mihogo na kuuza vipuri vya baiskeli sokoni, na ana mtoto mchanga mgongoni. Ana ukurasa wake mwenyewe sasa. Mtandao wa kule ni mbovu, lakini kila wiki husema jambo: juu ya treni isiyokuja, juu ya ushuru wa soko. Nimemsikiliza kila mara. Wanaomfuata ni wakulima na wanafunzi, si wengi, nao huandika kwa kirefu.

Alikuwa na mume, fundi wa baiskeli, mtu mkimya. Nilipofika uani, mume alisimama kunipokea akauliza mgeni ni nani.

“Njo huyu mwenye aliandika ile barua,” akajibu muloko.

Mume akanitazama. Kisha akaleta kiti. Muloko akaenda jikoni, akarudi na bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa kukaushwa, akamwaga maji juu ya mikono yangu, taratibu, mpaka vidole vyote vikalowa. Baba yake, ambaye alikuwa amezeeka sana na kusikia kwake kumepungua, aliniuliza mtaani kwao kumejengwa kitu gani. Nikamwambia hakujajengwa kitu, kuna shimo.

“Kubwa?”

“Kubwa, Tata.”

Akatikisa kichwa, akasogeza sahani ya samaki upande wangu. Tukala.